Mkono Uliotulia

Jumatatu, 3 Juni

Leo wifi yangu kanitoa jasho mbele ya ofisi nzima. Na bado nampenda!

Hazina ya kamusi yetu ina maelfu ya video. Kila video ni alama moja ya lugha ya alama, imesemwa na mtu mmoja aliyesimama mbele ya ukuta wa kijivu. Kazi yangu ni mtambo – seva, utafutaji, mambo yasiyoonekana. Kazi ya wifi ni lugha yenyewe. Ni kiziwi, binti wa kiziwi, na ndiye kiongozi wa kamusi. Pia ni dada wa mume wangu. Yaani ndoa ilinipa mume na bosi kwa mkupuo mmoja.

Basi nikajigamba. Utafutaji uko tayari, nikasema, jaribuni chochote. Wifi akaandika: wasemaji wenye umri zaidi ya sitini. Nikabonyeza. Wa kwanza kutokea ni mtoto wa shule, pengo mdomoni, miaka tisa!

Watu hoi kwa kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua papo hapo kosa liko wapi. Umri umehifadhiwa kama maandishi. Kwa mtambo "9" si tisa, ni mchoro tu, na mchoro huo unakuja baada ya "6". Kwa hiyo kijana wetu ni mzee kuliko wazee wote.

Wifi akaniambia kwa mikono, taratibu, kama anavyofanya akitaka nisikose kitu: mtambo wako si mjinga. Umeuambia hayo ni maneno, ukakuamini. Sasa uambie ni namba.

Hakunicheka. Kasubiri wenzake wamalize kucheka ndipo akasema.

Jumatano, 5 Juni

Kikao kirefu. Mkurugenzi anataka kamusi ifunguliwe tarehe ishirini. Mtu aandike "maji", aione alama ya maji, basi. Inatosha, kasema, watu wanangoja.

Wifi akasimama. Akafanya alama moja ambayo wala mimi siijui, akamsogezea Mkurugenzi kibodi: itafute.

Mkurugenzi akaiangalia kibodi. Akaiangalia tena. Hakuna herufi ya kubonyeza! Ukiona alama na hujui neno lake, utaandika nini? Nusu ya watu watakaokuja kwetu ni hao – mzazi aliyeona kitu mkononi mwa mwanawe, mwalimu mgeni, nesi.

Sijawahi kuona mtu akishinda mjadala bila kutoa hoja hata moja.

Tumekubaliana. Kila sifa ya alama iwe na kisanduku chake, na kila kisanduku kiwe na aina yake. Umbo la mkono: chaguo kutoka kwenye orodha, mtu asijitungie. Mahali mwilini: chaguo. Unajongea? Ndiyo au hapana. Mwaka wa kuzaliwa wa msemaji: namba. Siku ya kurekodiwa: tarehe kamili, si "mwezi wa tatu hivi". Na zote ziingie kwenye faharasa, ile orodha ambayo utafutaji huisoma. Kisichoingia kwenye faharasa unaweza kukisoma ukifungua video yenyewe, lakini utafutaji unapita mbele yake bila hata salamu.

Mkurugenzi kakubali mkono mkuu tu kwa sasa. Mkono wa pili, ule unaosaidia, ubaki kwenye maelezo ya zamani hadi baada ya uzinduzi. Muda hautoshi. Hata mimi niliona ana haki.

Nyumbani nikamsimulia mume wangu. Akasema dada yake kazaliwa hivyo. Mama yao alikuwa fundi cherehani, nyumba imejaa vifungo, na wifi alikuwa akivipanga kwa idadi ya matundu. Kwa nini si kwa rangi? Kwa sababu rangi kila mtu anabishana nayo!

Alhamisi, 6 Juni

Kijana wa miaka tisa amerudi utotoni. Wazee wamepanda juu panapowastahili. Wifi kaniletea andazi mezani, bila maneno. Nishani yangu.

Jumanne, 11 Juni

Mama mkwe ameanguka. Asubuhi, jikoni, birika mkononi. Kiharusi, wamesema.

Siwezi kuandika.

Jumatano, 12 Juni

Yu hai. Anatutambua wote. Mguu wa kulia mzito. Mkono wa kulia upo pale kitandani lakini haupo.

Daktari alitueleza mimi na mume wangu, sisi tunaosikia. Kwamba tushukuru, kichwa kizima, ni mkono tu na mguu. Wifi akataka kujua kasema nini. Nikamtafsiria. Akamtazama daktari bila hasira, akaniambia: mwambie, kwa mtu mwingine huo ni mkono. Kwa Mama ni nusu ya mdomo.

Nikamwambia.

Daktari akavuta kiti, akaketi kitako, akaanza maswali yake upya kuanzia la kwanza – safari hii akimtazama Mama usoni, mimi natafsiri. Si kila mtu anayekubali kuanza upya.

Ijumaa, 14 Juni

Mama anasema kwa mkono wa kushoto, maneno mafupi mafupi. Maji. Hapana. Nendeni mkale. Zima taa hiyo. Tunamwelewa, na amri zake hazijapungua ukali hata kidogo!

Ila kuna alama moja. Dole gumba na kidole cha shahada vimebanana, kama vimeshika kitu chembamba. Anaviweka chini ya shingo, pale bega linapoanzia. Basi. Anaviacha hapo, anatukazia macho, anangoja.

Nesi akadhani ni koo, akaleta dawa ya koo. Mume wangu akadhani mkufu, akatoka mbio hadi nyumbani kuuleta. Mama akautazama ule mkufu kama mtu aliyeagiza chai akaletewa kiatu. Mimi nikasema labda joto, nikamlegeza kamba ya gauni la hospitali shingoni. Hapo ndipo alipokasirika kweli! Kanichapa kofi la mkono, na mkono huo una nguvu.

Wifi hajui. Binti yake mwenyewe, kiongozi wa kamusi, hajui. Nilimwona anaurudia mkono ule kwa siri kwenye korido, anauweka chini ya shingo yake, anauondoa.

Kitu kimoja cha kuchekesha. Mgeni wa kitanda cha jirani, simu mkononi, akaniuliza wifi ipo hapa? Nikajibu, yupo, kaenda kununua chai. Akanitazama kama nimepungukiwa. Mume wangu alicheka hadi akaegemea ukuta. Mara ya kwanza tangu Jumanne.

Jumamosi, 15 Juni

Kaja mtaalamu wa mazoezi. Mwanamke mfupi, mabega ya mnyanyua vyuma, wodi nzima inamwita Kocha. Kasema wiki hizi za mwanzo ndizo zenyewe. Mwili sasa hivi unachagua – ama ujifunze upya, ama uzoee kulala.

Chumba cha mazoezi kiko mwisho wa korido, nikamweleza Mama. Kina mabomba mawili ya kushikilia, kioo kikubwa ukutani, wagonjwa wanaume kwa wanawake. Kiti cha magurudumu kikasogezwa. Mama akagoma. Akafanya alama ile, vidole chini ya shingo. Kocha akamshika kiunoni amwinue – Mama akang'ang'ania reli ya kitanda. Mkono mmoja dhidi ya watu wazima watatu, na akashinda!

Halafu akageukia ukutani. Kwa sisi tunaosikia hiyo ni kununa tu. Kwa kiziwi ni kufunga mlango, kuzima simu na kuzima taa. Huwezi kumwambia lolote hadi ageuke mwenyewe.

Wifi alimpa kalamu. Ikatoka mistari ya kuku aliyepita kwenye tope. Kalamu na Mama hawakuwahi kuwa marafiki, shule yao iliwapa sindano.

Hajala mchana. Hajala jioni.

Jumatatu, 17 Juni

Leo nimeona akili ikifanya kazi. Nataka niandike yote kabla sijasahau.

Tulikwenda hospitali asubuhi na laptopu. Wifi akaingiza sifa za alama ya Mama. Umbo: kibano. Mahali: chini ya shingo. Zikaja video chache; Mama alikuwa kageuka mwenyewe, tukamwonyesha moja moja. Mkufu, kifungo, mfupa wa samaki kooni! Kila moja akaifukuza kwa kidole. Ya mwisho hakuitazama hata.

Nikakata tamaa. Nikasema labda ni alama aliyojitungia, au ugonjwa umemchanganya. Wifi alikuwa anamtazama Mama. Muda mrefu. Mama naye akamtazama, akaurudisha mkono chini ya shingo, akauacha.

Ghafla wifi akanishika bega, nusura laptopu ianguke. Mtazame, kasema. Haujongei.

Nikasema ndiyo, naona.

Hapana, huoni! Alama za mkono mmoja karibu zote hujongea. Mkono unapiga, unazunguka, unashuka, unafanya kitu. Mkono unaotulia ni ule wa pili, msaidizi, unaoshika ili mwenzake afanye kazi. Sisi tumedhani kushoto amechukua kazi ya kulia. Hakuchukua! Kushoto anafanya kazi yake ileile ya siku zote. Na kulia naye anafanya yake – kichwani mwa Mama. Anaisema alama nzima. Sisi tunaona nusu.

Siku zote tunamtafuta kwa mkono mkuu, na mkono mkuu ndio uliolala.

Basi, nikasema, tutafute kwa mkono wa pili!

Hapo nikakumbuka. Mkono wa pili ndio ule tulioukubali ubaki nje. Umo kwenye maelezo ya zamani, maandishi matupu, kila karani kaandika lake, na hata herufi moja haimo kwenye faharasa. Video yenyewe ipo humo ndani kama sindano kwenye godoro, na utafutaji wangu unapita juu ya godoro unapiga mluzi.

Wifi akanitazama. Hakusema lolote kuhusu kile kikao. Kauliza tu: unaweza?

Nimesema naweza. Mungu nisaidie.

Jumanne, 18 Juni

Kwanza Mkurugenzi. Alikwisha kutoa amri, mtu asiiguse seva hadi uzinduzi upite, keshokutwa. Nikaingia ofisini kwake na hotuba niliyoitunga njia nzima. Nikafika katikati, akanikatiza. Ni mama yenu? Ndiyo. Hali? Nikamweleza hali. Akakuna kidevu, akauliza, ikiharibika utaweza kuirudisha ilivyokuwa? Nikasema nimekwisha weka nakala. Akavua koti. Nionyeshe nianzie wapi, kasema.

Sikutegemea! Kumbe mtu ukimjua kwenye vikao hujamjua.

Nikaunda kisanduku kipya: umbo la mkono wa pili, chaguo kutoka kwenye orodha. Kingine: mahali pa mkono wa pili. Kingine: unajongea, ndiyo au hapana. Halafu uchafu wenyewe. Makarani wa zamani! Mmoja kaandika "kibano". Mwingine "kabana". Mwingine "vidole viwili vimekutana". Mmoja, roho yake ipumzike, kaandika "kama mtu anayemtoa mende kwenye sukari". Yale ya kawaida mtambo uliyapanga wenyewe nilipouelekeza. Yaliyobaki yalitaka macho ya watu.

Na watu wakaja. Wifi hakumwita hata mmoja, habari ilitembea yenyewe. Wenzake viziwi wa chumba cha kurekodi, wa uhariri, hata dada anayefanya usafi, ambaye lugha ya alama kaijulia hapa hapa kazini. Kila mtu na skrini yake. Video inacheza, wanabishana kwa mikono juu ya meza, wanakubaliana, wanachagua. Mtu wa nje angesema ofisi iko kimya. Mimi nilikuwa kama nimekaa sokoni! Mkurugenzi mikono ya shati kaikunja, anauliza kila dakika hiki ni kibano au ni ngumi legevu, na anasahihishwa, na anashukuru.

Alasiri nikabonyeza tafuta. Majibu: hakuna. Hata moja.

Halafu nikakumbuka, mimi huyu huyu niliyewafundisha wengine – kuunda kisanduku chenye aina sahihi hakutoshi. Faharasa inajua kile ilichokisoma siku ilipokisoma. Vya zamani havijisomi vyenyewe. Lazima uiambie ianze upya, video ya kwanza hadi ya mwisho.

Nimeiambia. Mstari wa kijani unatambaa kwenye skrini kama konokono mwenye mawazo. Mkurugenzi katufukuza. Konokono hatembei haraka kwa kutazamwa, kasema, nendeni mkalale.

Jumatano, 19 Juni

Imemaliza! Alfajiri ilikuwa imemaliza.

Wifi aliniacha nibonyeze. Mkono wa pili: kibano. Mahali: chini ya shingo. Unajongea: hapana. Mwaka wa kuzaliwa wa msemaji: uwe chini ya ule wa Mama au ukaribiane nao – wifi aliliongeza hilo dakika ya mwisho. Daktari alisema kwa wengine mambo ya zamani ndiyo hurudi kwanza. Basi tutafute kwa wazee. Na kwa kuwa mwaka sasa ni namba kweli, wazee wakaja wazee.

Video saba. Ya nne ni mwanamke wa nywele nyeupe, kola ya lesi, anatabasamu kabla hajaanza. Mkono wa kushoto: kibano, chini ya shingo, umetulia. Mkono wa kulia unaanza hapo hapo nao umebana, unashuka polepole hadi kiunoni. Maelezo: kupima nguo. Alama ya zamani, darasa la ushonaji, haitumiki tena.

Futi ya fundi! Kushoto anashika ncha ya juu, kulia anaivuta chini.

Wifi akaweka kiganja chake kwenye skrini, akauziba mkono wa kulia wa yule bibi. Kilichobaki ni Mama.

Nikamuuliza, hukuwahi kumwona akiisema? Akatikisa kichwa. Nyumbani Mama alitumia alama ya sasa, ile wanayotumia wote. Hii ilikuwa ya wasichana wa darasa lile. Pengine hajapata wa kumwambia miaka na miaka.

Hospitalini Mama alikuwa kaelekea ukutani tena. Wifi hakumgusa. Alizunguka kitanda, akajibana kati ya godoro na ukuta, mtu mzima yule, akapiga magoti, akaifungua laptopu pale pale mbele ya pua ya Mama.

Sikuuona uso wa Mama mwanzoni. Niliuona mgongo wake unakakamaa. Kisha mkono wa kushoto ukatoka kwenye shuka, ukaigusa skrini, kwenye shavu la yule bibi wa kola ya lesi. Akataka irudiwe. Ikarudiwa. Tena. Tena.

Wifi akamuuliza: kupima?

Mama akapiga godoro kwa kiganja. NDIYO! Ndiyo, ndiyo, ndiyo, nyie watu!

Kupima nini, Mama?

Akalikamata gauni la hospitali kifuani, akalivuta kwa hasira. Halafu akajisukuma kwa kiwiko, akatugeuzia mgongo na kuitupa shuka. Gauni limefungwa kwa kamba moja tu shingoni. Kamba nyingine ilikwisha kukatika zamani. Kuanzia hapo kushuka – hakuna gauni. Sisi kila siku tunamfunika shuka vizuri, tunajiona wema, wala hatukuona.

Na ile moja iliyobaki ndiyo niliyomlegeza mimi Ijumaa! Kofi lile nilistahili.

Akasema kwa mkono wake mmoja, pole pole, kana kwamba neno lile moja ndilo lililoyafungia mengine mlango, na kila neno lilifika. Nipimeni. Nishonewe nguo. Siendi kwenye kioo kile matako nje.

Nikamtafsiria Kocha, aliyekuwa kaja na kiti cha magurudumu, neno kwa neno, maana mtafsiri hapunguzi. Kocha akacheka, akajiziba mdomo, akaona aibu. Kisha akasogea mbele ya Mama akafanya alama ya samahani. Kaifanya vibaya, mkono umepinda, kumbe kajifunza kwa wifi baada ya ugomvi wa Jumamosi. Mama akamtazama. Akamrekebisha kidole.

Jioni kala. Kamaliza sahani!

Alhamisi, 20 Juni

Leo ndiyo ingekuwa siku ya uzinduzi. Mkurugenzi kasogeza mbele. Nimemsikia kwenye simu akimwambia mtu kwamba kamusi yetu sasa inatafuta hadi mkono wa pili, yeye binafsi alisimamia zoezi. Wifi alisoma midomo yake kupitia kioo cha mlango. Tumecheka hadi machozi. Acha ajisifu, kasema wifi, alivua koti.

Jumamosi, 22 Juni

Nimempima Mama. Au niseme Mama kajipima, mimi nilikuwa mshika futi. Kila nikisoma namba ananitazama kwa shaka, anaivuta futi, anaisoma mwenyewe. Mara mbili nilikosea. Wifi kaandika, kakosea mara moja, kapigwa kofi la mkono, roho yangu ikaburudika.

Mshono kautunga mwenyewe. Nguo ifunguke mbele upande wa kushoto, si mgongoni. Vifungo vikubwa, vitanzi vya kitambaa badala ya matundu, ili mkono mmoja uvimudu bila kuomba msaada. Mkono wa kulia uwe mpana, ule uliolala uingizwe kama mtoto anavyovishwa. Aliyafikiria yote haya akiwa kaelekea ukutani! Sisi tukidhani kakata tamaa, kumbe yuko kazini.

Mshonaji ni mume wangu. Yeye ni fundi wa viti vya magari, cherehani yake inapitisha sindano kwenye ngozi na turubai. Kakaa karakanani tangu mchana na kitambaa laini cha bluu, kakishika kama yai. Nilipita kumpelekea chakula. Machozi yalikuwa yanamtiririka na sindano inakwenda moja kwa moja, haijapinda. Nikaweka sahani nikaondoka.

Jumanne, 25 Juni

Mama kaikagua. Kapitisha ukucha kwenye kila mshono. Mshono wa bega la kushoto kakataa. Fumua, kamwambia mume wangu. Akasema Mama, huo unaweza kuvuta lori! Mama akajibu yeye si lori.

Akafumua. Akashona upya pale pale kwa mkono, kitandani, Mama kasimamia. Mwanaume wa ndevu zake anachapwa kidole kwa sababu ya urefu wa hatua ya sindano. Manesi wawili walisimama mlangoni kutazama, mmoja kaomba kielelezo cha vitanzi vile kwa wagonjwa wengine. Mama kamwangalia juu hadi chini, kisha kamwambia aje kesho. Na futi.

Jioni kaivaa. Kafunga vifungo vyote mwenyewe. Ilichukua muda, na hakuna aliyethubutu kusogeza mkono kumsaidia.

Alhamisi, 27 Juni

Naandika kwenye benchi la chumba cha mazoezi. Wifi kaniamuru. Eti uso wangu umejaa hofu na Mama anausoma. Kwa hiyo shika daftari, jifanye una kazi.

Mama kaingia kwenye kiti cha magurudumu kama mtu anayeletwa kukagua jengo. Alipopita mbele ya kioo kainua mkono, Kocha akasimama. Kajitazama. Kaweka kola sawa. Kaashiria: twende.

Mara ya kwanza alisimama vizuri. Kocha akasema ashike bomba. Akashika kwa kushoto. Magoti yakatetemeka, yakatulia. Kocha akaniambia muulize kachoka? Nikamuuliza. Mama akanitazama, akautazama mkono wake, akamtazama wifi. Hakujibu.

Sikuelewa. Wifi alielewa. Kanirushia maneno haraka nimfikishie Kocha: mkono ulioshika bomba ndio mkono unaosema. Umemwambia achague, asimame au aongee.

Miaka yote ya kazi, kasema Kocha, sijawahi kulifikiria hilo. Akamketisha Mama, akachuchumaa, akafikiri. Kasema basi atakaa nyuma yake, mikono karibu na kiuno bila kumgusa. Lakini bomba aendelee kulishika. Bado mapema mno kuliachia, mapema sana. Nikamtafsiria Mama. Mama kaitikia kwa kichwa, mpole kabisa. Upole ule haukunipendeza.

Sasa wanamwinua tena.

Kasimama. Mkono uko kwenye bomba. Wifi kasimama mbele yake, hatua chache, mgongo kwenye kioo.

Kaachia bomba.

Kocha kapaza sauti, mwambie ashike! Mwambie! Nimenyanyuka – wifi kanionyesha kiganja bila kumwondolea Mama macho. Kaa.

Nimekaa.

Mkono wa kushoto umepanda juu. Anamwambia wifi kitu. Si neno moja, ni kirefu, na kingine juu yake. Magoti yanatetemeka na bado anaendelea. Bega la Kocha limeniziba, vidole sivioni vyote. Naona uso wa wifi tu. Sasa wifi anamjibu. Anamjibu kwa mkono wa kushoto peke yake, wa kulia kauweka mgongoni.

Kocha ananiuliza wanasema nini, wanasema nini?

Sijui. Hawajamaliza.